Mama Kola na Moyo wa Mumewe

Mnofu alikuwa muuza nyama. Jina hilo alipewa na wateja, kwa kuwa ukimwomba mifupa ya supu alikutazama kana kwamba umemtukana. Bucha lake lilikuwa kwenye kona, pale barabara ya lami inapokutana na ya vumbi. Lilikuwa na mlango wa wavu wa kuzuia nzi na gogo la kukatia lililolika katikati mpaka likabonyea kama bakuli. Nyuma kabisa palikuwa na jiko la mkaa lililowaka tangu anapofungua mpaka anapofunga. Jiko hilo halikuwa la biashara. Lilikuwa la tumbo lake. Akikata paja la ng'ombe, pande la mafuta meupe lililobaki alilitupa juu ya makaa, akalinyunyizia chumvi na kulila la moto huku mteja akisubiri kufungiwa. Ukimtania, alikujibu kwamba hawezi kuuza kitu asichokionja.

Mkewe alikuwa mpiga pasi kwa dobi mmoja mkubwa, aliyefua mashuka ya hoteli na mashati ya watu wa ofisini. Alisimama kwenye meza ya mashati, mvuke usoni na pasi nzito mkononi, na kazi aliyojulikana nayo ni kola. Kola aliyoinyoosha yeye ilisimama wima bila kumkata mtu shingo. Wenzake wakamwita Mama Kola, na jina likamfuata mpaka mtaani. Alikuwa mwembamba, mwenye miguu myepesi na ulimi mwepesi zaidi. Hakuvuta sigara kama mumewe, wala hakugusa yale mafuta yake. Aliyewaona wameongozana njiani hakuhitaji kuambiwa ni yupi kati yao atakayeugua. Sisi majirani wote tuliona hivyo, na kwa kiasi fulani hatukukosea.

Mnofu alianguka siku ya kazi, bucha likiwa limejaa. Alikuwa amenyanyua paja kutoka kwenye ndoana, akaliachia likadondoka sakafuni. Alishika gogo kwa mikono miwili. Baadaye alisimulia kwamba alihisi kama mtu mzima amemkalia kifuani na hataki kuondoka, na mkono wa kushoto ukawa si wake tena. Jasho lilimtiririka likalowesha aproni. Mteja mmoja alidhani ameonja kinywaji asubuhi asubuhi, akaanza kucheka, kisha akaona midomo yake imebadilika rangi. Wakamkokota mpaka kwenye teksi.

Bahati yake ilikuwa kubwa. Hospitali haikuwa mbali, na daktari wa moyo alikuwa zamu. Walipitisha waya mwembamba kwenye mshipa wa kifundo cha mkono, wakaufikisha moyoni, wakapanua palipoziba na kuacha humo kijibomba cha wavu kinachoitwa stenti, ili damu ipate njia. Mama Kola alifika akiwa bado na sare ya kazini, nywele zimemlalia kwa mvuke. Alimkuta mumewe amelala, amefungwa bandeji mkononi, anapumua vizuri. Alikaa kwenye kiti cha plastiki na kulia kimyakimya. Mnofu alipofumbua macho alimkuta ameshafuta machozi na anamwuliza kama amewarudishia watu chenji zao.

Daktari yule alikuwa mwanamke mfupi, mpole wa sauti, asiyependa kurudia maneno. Alivuta kiti, akachora mshipa kwenye kipande cha karatasi na kueleza. Mnofu alitazama dari. Aliyesikiliza alikuwa mkewe. Daktari alisema dawa za kuzuia damu isigande ndani ya stenti zisiachwe hata siku moja bila yeye kuulizwa, hata mgonjwa akijiona amepona kabisa. Sigara mwisho. Chumvi kidogo sana, vya kukaanga aviache, nyama nyekundu mara mojamoja, isiyo na mafuta, tena kipande kisichozidi kiganja. Badala yake ale samaki, maharage, dengu, mboga za majani kwa wingi, matunda, na unga ambao haujakobolewa. Na atembee kila siku, aanze taratibu.

"Stenti imefungua njia," alisema. "Haijakubadilishia maisha. Ukirudi kule ulikotoka, itaziba hii au itaziba nyingine."

Mnofu alikuwa na swali moja tu. Aliuliza kama mafuta ya kwenye kidari nayo yanahesabiwa kuwa mafuta.

Daktari alipokuwa anasimama alimgeukia mkewe, akamwambia naye apimwe, presha na mafuta kwenye damu, maana wanakula chungu kimoja na umri wao haupishani sana. Mama Kola alicheka. Alisema yeye ana moyo wa punda, hautishwi na mzigo, na wamshughulikie kwanza huyu aliyelala. Daktari naye akatabasamu, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Miezi ya mwanzo ilikuwa vita. Mnofu alirudi nyumbani akiwa amekonda na mwenye hasira, kama mtu aliyeibiwa na hamjui mwizi. Mama Kola aliitoa chumvi jikoni, akampa jirani aitunze, na mtaa mzima ukasikia kwamba chumvi imehama nyumba. Kwa mtu aliyekwisha kula chumvi nyingi kama mumewe, alisema, aliyoila inamtosha kwa maisha yaliyobaki. Alijifunza kupika upya ukubwani. Aliokota ujuzi kwa wenzake kazini: samaki kwa ndimu na tangawizi, maharage kwa kitunguu saumu na nyanya nyingi, mboga zilizopitishwa motoni mara moja zikabaki kijani. Mnofu aliionja sahani ya kwanza akaisukuma. Ya pili aliitupa uani, kuku wakaila. Aliuliza kama mkewe amemtoa hospitali ili aje kumlisha majani. Mama Kola aliokota sahani, akaiosha, akapakua nyingine.

Kilichomgeuza Mnofu hakikuwa chakula, kilikuwa hofu. Aliogopa kutembea peke yake. Kila moyo ulipodunda kwa nguvu alisimama, akajishika kifua, akasubiri kuanguka. Kwa hiyo mkewe alitembea naye. Aliamka kabla hakujapambazuka, akapika uji wa asubuhi na chakula cha mchana, akakifunika, kisha wakatoka pamoja kuuzunguka mtaa mpaka kwenye mteremko wa shule na kurudi. Wakirejea, alioga harakaharaka na kuwahi kwa dobi, akasimama mezani mpaka jioni. Akirudi, alipika tena. Samaki alikuwa wa mzee, na papai lilikuwa la mzee. Mwanzoni alijipikia chungu chake pembeni, lakini Mnofu alisema harufu ile inamtesa na kwamba hawezi kupona kwenye nyumba yenye watu wawili na vyungu viwili. Basi Mama Kola akaacha kujipikia. Alikula alichokikuta: mabaki ya mumewe akiwa wima jikoni, au mkate wa kukaanga na chai ya sukari nyingi kazini, kati ya shati na shati.

Baada ya muda Mnofu alianza kupendeza. Tumbo lilirudi ndani, uso ukang'aa. Daktari alimsifu kliniki, na sifa zile zikamwingia kichwani. Mtu aliyekuwa akila mafuta ya motomoto akageuka mhubiri wa mboga. Alirudi buchani, akasimama nyuma ya lile gogo na kuwauliza wateja kama wanajua wanachokwenda kuwapa watoto wao. Mtu akiomba kidari, alimpa somo la mishipa. Wateja walicheka mwanzoni, halafu wakachoka, wakahamia bucha la upande wa pili, ambako waliuziwa nyama bila hotuba. Mwishowe mdogo wake wa kiume alimwomba kwa adabu zote akapumzike nyumbani, bucha atalishika yeye.

Hapo ndipo Mama Kola alipopata taabu hasa. Mtu asiye na kazi na mwenye ugonjwa mkubwa ana muda wa kutosha wa kuuangalia ugonjwa wake. Mnofu alihamia jikoni. Alisimama nyuma ya mkewe akitazama mafuta yanavyodondoka kwenye sufuria. Akiyaona yamezidi tone, aliuliza kama wanamtaka afe. Mboga zikiwa zimelainika kidogo, virutubisho vimekwisha. Daktari alikuwa amemshauri aepuke hasira na mawazo, na ushauri huo aliushika kuliko yote. Ugomvi wowote ndani ya nyumba ulikuwa na mwisho mmoja. Mama Kola akilalamika kwamba amechoka, au kwamba bomba la uani linavuja tangu zamani na hakuna anayeligusa, Mnofu aliweka kiganja kifuani na kunyamaza. Mkewe akaufunga mdomo wake. Dada wa Mama Kola, mwanamke mnene mwenye duka la vitambaa, aliyeshuhudia jambo hilo zaidi ya mara moja, alimwambia waziwazi kwamba shemeji yake amepata fimbo isiyoonekana.

"Mwache, dada," alijibu Mama Kola. "Mimi ndiye mzima. Mzima ndiye anayebeba."

Maumivu ya taya yalimwanza kazini. Yalikuja akiwa amebeba kapu la mashati mabichi, yakampanda upande wa kushoto wa shingo mpaka chini ya sikio, akikaa yakatulia. Alidhani ni jino. Mwenzake wa meza ya mashuka naye alidhani ni jino. Siku moja wakati wa mapumziko alikwenda kwa mganga wa meno aliyekuwa ng'ambo ya barabara. Yule mganga aligonga jino moja baada ya jingine, akakuta gego moja limetoboka kidogo, akaling'oa. Mama Kola alirudi kazini akiwa na pamba mdomoni. Jino lilikwenda, maumivu yakabaki. Alilichukua jambo hilo kama mzaha, akawa anawaambia wenzake kwamba ameadhibu asiye na hatia.

Kisha miguu yake ile myepesi ikawa mizito. Kwenye mteremko wa shule, ambako zamani alikuwa akimvuta mumewe, sasa alibaki nyuma akishika kuta za nyumba za watu. Mnofu alimsubiri juu, mikono kiunoni, amejaa pumzi. Majirani waliokuwa wakifagia walimsikia akimtania kwamba mwenye stenti ni yeye, na mzima ndiye anayehema. Alimwambia ni mkate wa kukaanga unaomfanya mzito, na kwamba angekuwa na nidhamu kama yake angeona tofauti. Mama Kola alisema kweli, akaendelea kupanda. Usiku alilala kwa mito miwili na kusema ni kiungulia. Alinunua dawa ya unga ya kutuliza tumbo, akaikoroga kwenye maji kila baada ya chakula, na kwa kuwa wakati mwingine ilionekana kusaidia, hakutafuta sababu nyingine.

Walikuwa na binti mmoja, mwalimu wa shule ya msingi katika mji mwingine. Aliwapigia simu kila mwisho wa wiki, na kila mara simu ilianza na baba: dawa, presha, mazoezi, daktari kasemaje. Ilipofika zamu ya mama, alisema wote hawajambo, akauliza habari za wajukuu. Binti hakumwuliza zaidi. Mama alikuwa mtu wa kuulizwa habari za wengine.

Kliniki ya mwisho waliyokwenda pamoja, daktari alimpima Mnofu na kufurahi. Alimwambia laiti wagonjwa wake wote wangekuwa kama yeye. Kisha akamtazama Mama Kola aliyekaa pembeni, uso umempauka kama majivu, akasita.

"Na mama je, hali yako?"

Mama Kola alifungua kinywa. Mnofu akawahi.

"Huyu? Huyu ni chuma, daktari. Hajawahi kulala kitanda cha hospitali ila kwa uzazi."

Daktari alimtazama mama tena, kana kwamba anasubiri. Nje foleni ilikuwa imefika mlangoni na muuguzi alikuwa ameshamwita mgonjwa anayefuata. Mama Kola akatabasamu, akasema ni uchovu wa kazi tu. Daktari alimwambia siku nyingine aje peke yake, wampime vizuri. Akaitikia. Wakatoka.

Asubuhi ile alipozidiwa, alikuwa amekwisha kupika. Aliketi kwenye kigoda cha jikoni akasema hatatembea leo, amechefuka na mgongo unamvuta katikati ya mabega. Mnofu alinuna kidogo, akaenda peke yake. Aliuzunguka mtaa wote bila kusimama, kitu ambacho hakuwahi kukifanya tangu augue, akarudi na furaha ya kumsimulia. Alimkuta bado yupo palepale kwenye kigoda, jasho limelowesha kanga begani, ametapika kwenye beseni.

Haikuwa kwamba hakujali. Aligutuka. Alimwuliza kama kifua kinamwuma. Mama Kola alisema hakimwumi, kimejaa tu, ni tumbo na taya. Mnofu akashusha pumzi.

"Basi si moyo," alisema. "Moyo naujua mimi. Moyo unakupiga kama shoka. Hicho ni chakula kimekukataa."

Alimpa maji ya moto yenye tangawizi. Alimlaza kitandani, akamfunika, akafungua dirisha. Binti alipopiga simu kuwajulia hali, alimwambia mama ana tumbo, amelala, asisumbuliwe. Kisha akapakua uji wake, akala, akameza vidonge vyake kwa wakati kama alivyoagizwa. Yule dada mwenye duka la vitambaa alipopita mchana kumletea mdogo wake kitambaa, ndiye aliyeingia chumbani, akamgusa paji la uso na kukuta limepoa kama jiwe la kisima. Alitoka barabarani akasimamisha gari la kwanza lililopita, la mtu aliyekuwa akisafirisha viti vya kukodisha, wakapakiana humo wote watatu.

Yaliyotokea mapokezi yalisimuliwa na dada, na Mnofu hajawahi kuyakanusha. Mama Kola alishuka kwa miguu yake. Alikataa kubebwa. Mnofu alikuwa akitetemeka, uso umempauka, mkono kifuani. Mlinzi wa mlangoni alimfahamu toka siku za kliniki. Alimwona vile, akaita kwa sauti kwamba mzee wa stenti amerudi. Kwa kufumba na kufumbua kikaja kiti cha magurudumu, wauguzi wawili wakamkalisha, mmoja akamfungua vifungo vya shati, mwingine akakisukuma kiti kuelekea chumba cha dharura. Mama Kola alibaki nyuma, amejishikiza ukutani, mkoba wa dawa za mumewe begani. Kwa macho ya kila mtu pale, alikuwa mke aliyemsindikiza mgonjwa, kama ilivyokuwa siku zote.

Mnofu angeweza kusema. Alikuwa na pumzi. Lakini mikono ile iliyomshika ilikuwa na uhakika, na yeye mwenyewe, kwa muda ule, aliamini kwamba ndiye anayekufa. Walikuwa wamekwisha kumbandika nyaya za kipimo kifuani dada alipoanza kupiga kelele ukumbini. Mama Kola alikuwa ameteleza taratibu na ukuta mpaka chini, ameketi miguu imenyooka, kichwa kimelala begani.

Walimkimbilia. Walifanya yote yanayofanywa. Daktari mfupi alishuka ngazi mbio, akashika kazi yeye mwenyewe, na haikusaidia. Alipotoka alikuwa na jasho puani. Aliwakalisha Mnofu na dada kwenye benchi na kuwaeleza kwamba mshipa wa moyo ulikuwa umeziba, na kwamba yawezekana ulikuwa ukijibana kwa miezi. Mnofu alisema mkewe hakuumwa kifua. Alilirudia neno hilo kama mtu anayedai haki yake. Alisema yeye anaujua moyo, na moyo hauji vile.

"Wako haukuja vile," alisema daktari. "Kwa wanawake wengi hujificha. Taya, mgongo, tumbo, uchovu. Mngemleta asubuhi, tungejaribu."

Halafu daktari akatazama mikono yake. Dada alimuuliza kwa nini siku ile ya kliniki hakumshika akampima, maana mdogo wake alikuwa amemsimulia habari hiyo akicheka. Daktari hakujitetea. Alisema alipaswa kumshika.

Dada alisubiri mpaka mazishi yakapita. Kisha alimfuata Mnofu sebuleni na kumwambia alichokuwa nacho. Hakupaza sauti. Alimwambia kwamba mdogo wake alipika chakula cha moyo kila siku iliyopambazuka na hakuna aliyekumbuka kwamba naye alikuwa na moyo. Alisema asimwone tena dukani kwake. Mnofu aliweka mkono kifuani. Dada akautazama ule mkono, akatoka.

Binti alikaa siku chache. Alikwenda hospitali akapimwa yeye mwenyewe, akakuta presha yake iko juu, akaanza dawa. Alimsafishia baba nyumba, akamwonyesha masufuria yalipo. Mnofu alitarajia kwamba atakaa kumpikia, au atamchukua wakaishi naye. Siku ya kuondoka binti alimwambia samaki wanauzwa wapi na unga unasagwa wapi, akaagana naye kwa mkono.

Mnofu alijipikia. Aliunguza, akajifunza. Alikwenda kwa dobi kuchukua vitu vya marehemu, akapewa ndala na kanga ya kufunga kichwani. Wanawake wa meza ya mashati walimwambia kwamba marehemu alikuwa akikaa juu ya kapu la nguo chafu na kuegemeza shavu kwenye ukuta wa baridi, na wao walimwambia aende hospitali, akasema kliniki ya mwezi huu ni ya mzee. Walimwambia bila ubaya, kama watu wanaotoa habari. Alisimama pale mvuke ukimpiga usoni, asijue aiweke wapi mikono yake.

Vipimo vyake vilizidi kuwa vizuri. Pale kliniki alianza kuitwa mfano wa kuigwa, na siku moja muuguzi mkuu alimwomba azungumze na wagonjwa wapya waliowekewa stenti. Walikuwa wanaume wengi na wanawake wachache, wamekaa kwenye mabenchi, na karibu kila mwanaume ana mkewe pembeni. Mnofu aliwaeleza juu ya dawa na chumvi na kutembea. Aliwaambia wasiache vidonge kwa sababu ya kujisikia vizuri. Kisha akawatazama wake zao. Alisema kwamba nao wasimame wakapimwe leo, kabla ya kurudi nyumbani kupika. Mwanamke mmoja wa mstari wa nyuma alijiinua nusu. Mumewe akamshika mkono, bila ukali, akamuuliza nani sasa atayakumbuka masharti yote haya. Mwanamke akaketi. Muuguzi akasema wazo ni zuri, lakini leo wana vipimo vya walioandikishwa tu, waje siku nyingine. Wakapiga makofi kidogo kwa heshima ya mzee.

Alipofika nyumbani alimpigia binti yake akamwambia daktari amesema moyo wake uko salama kabisa, unaweza kumfikisha mbali. Upande wa pili palikuwa na sauti za watoto na bomba la maji. Binti alisema amesikia, baba. Aliuliza kama kuna jingine. Mnofu alifikiri, akasema hakuna, akaiweka simu na kwenda kuosha maharage ya jioni.